Hana Umaarufu wa Kutosha

Kazi ya kwanza ambayo Jonah Opio alimpa mwanafunzi wake ilikuwa kufuta sifa. Alimfungulia ukurasa wa mji mmoja wa Kenya katika ensaiklopidia ya Kiswahili ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu yeyote anaweza kufuta, akamwambia aondoe kila neno lisiloweza kuthibitishwa. Anyieth alianza kwa hamu. Akaondoa "mzuri mno". Akaondoa "wenye wakazi wakarimu kuliko wote". Alipomaliza, ukurasa uliokuwa na aya nne ulibaki na sentensi mbili na idadi ya watu.

"Mwalimu, si nimeumaliza huu mji?"

"Umeusafisha. Sasa tafuta kitabu au gazeti, uujenge upya."

"Lakini mimi nimekaa hapo. Nimesoma hapo primary mpaka form four. Watu wa huko ni wakarimu, nakuambia."

"Wewe si chanzo," Jonah alisema. "Mimi si chanzo. Hata mama yangu mzazi si chanzo."

Walikuwa wamekaa nyuma ya mapokezi ya hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat, Juba, mahali Jonah alipoajiriwa kutunza kompyuta na dishi la intaneti. Anyieth, mwaka wa kwanza chuoni, alilipenda somo hilo kuliko yote aliyofundishwa mwaka ule. Alikuwa amekulia katika nyumba ambamo mkubwa akisema jambo, basi limekwisha. Hapa palikuwa na mahali ambapo mkubwa akisema jambo, aliulizwa: limeandikwa wapi?

Shida ni kwamba mkubwa wa nyumba hiyo, Mzee Majok, baba yake Anyieth, ndiye pia aliyekuwa mwenye nyumba wa Jonah.

Jonah, mkewe Milly na binti yao mdogo Shallon waliishi katika chumba kimoja cha bati ndani ya ua wa Mzee Majok, mtaani Munuki. Mzee aliposikia kwamba mpangaji wake anamfundisha Anyieth kuandika kwenye intaneti bila kudai chochote, aliwapunguzia kodi, kisha akamruhusu Milly ajenge kibanda cha chapati na maharage nje ya geti, pale pale kwenye stendi ya bodaboda. Wote wawili walitoka Uganda, Milly mtu wa Mbarara na Jonah mtu wa Tororo. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichowaoza, ingawa Jonah alisoma upande wa Kenya na cha kwake kilikuwa cha darasani, na Milly alizungumza cha kwake jinsi kilivyomjia.

"Miaka yote wewe naandika, hawakupi hata soda," alimwambia mumewe siku kibanda kilipokamilika. "Leo hiyo kitabu yako imeanza kulipa."

Alikuwa na mimba kubwa na hakuwa amecheka hivyo kwa muda mrefu. Jonah alimwangalia akikanda unga mbele ya vijana wa bodaboda waliokwisha kupanga foleni, akafurahi.

Uchaguzi ulikuwa unakuja mwakani, na Mzee Majok alitaka kugombea. Wazee wa kwao walikuwa njiani kuja Juba kusikia nani wamuunge mkono. Habari mbaya ni kwamba mpinzani wake, mtu ambaye kwa maneno ya Mzee aliipitisha vita yote Nairobi akila kuku, alikuwa na ukurasa kwenye intaneti, pamoja na picha.

"Andika yangu," alimwambia Anyieth.

"Baba, hairuhusiwi kuandika juu ya familia yako. Kuna conflict, yaani, unapendelea."

"Nani ameweka sheria hiyo?"

"Watu wote wamekubaliana."

"Mimi sikukubaliana. Ya binti, mimi nimelala msituni ili wewe usome. Sasa umesoma. Andika."

Alimpeleka ofisini kwake, akamketisha mbele ya kompyuta, akasimama nyuma ya kiti. Akaanza kumtajia maneno ya kuandika. Ukurasa usiitwe kwa jina la nyumbani, maana akina Majok ni wengi. Uitwe kwa jina la vita, Kamanda Nimir, chui, ambalo askari wake walimpa. Anyieth aliandika "shujaa mkubwa", akaandika "aliyeogopwa na adui" na "anayependwa na wananchi wote". Masikio yalimwaka kwa aibu. Alikuwa na akaunti yake yenye jina lake, na alijua vizuri namna ya kuingia, lakini hakuingia. Aliuhifadhi ukurasa bila jina la mwandishi, akatumaini kwamba dunia ni kubwa na hakuna atakayeuona.

Jonah aliuona jioni ile ile.

Kila jioni, wageni wa hoteli walipokuwa wakila, alikuwa na mazoea ya kupitia kurasa mpya na kusafisha uchafu: matusi, matangazo ya biashara, vijana waliojiandikia kwamba wao ni wanamuziki mashuhuri. Ndiyo maana kwenye ensaiklopidia alijiita Fagio. Mtandao siku hiyo ulikuwa wa kujikokota, maana wageni wote walikuwa wakiongea na kwao. Ukurasa wa Kamanda Nimir ulifunguka nusu tu. Aliona "shujaa mkubwa", aliona "anayependwa na wananchi wote", akaona hakuna mwandishi wala chanzo, na hilo lilimtosha. Jina la Nimir hakuwahi kulisikia. Nyumbani mtu yule alikuwa Mzee, au Baba Anyieth, na nani amuulize mwenye nyumba jina lake la vita? Jonah akaweka alama ya kupendekeza ukurasa ufutwe, akaandika sababu, "Hana umaarufu wa kutosha. Hakuna chanzo", akatia saini ya Fagio na kwenda kuzima jenereta akiwa ameridhika na kazi yake.

Jumamosi Mzee Majok alimwita mwenzake wa ofisini aje aone. Wakafungua. Juu kabisa ya jina lake kulikuwa na kisanduku chekundu. Mwenzake, aliyekijua Kiswahili vizuri kuliko Mzee, alisoma, akakohoa, akasema amekumbuka ana kikao.

Mzee alifika nyumbani saa ya chai. Hakupiga kelele, na watu wa ua ule walikuwa wamejifunza kuogopa zaidi asipopiga kelele. Alimwita Anyieth, akamwita Jonah, akaagiza chai kwa Milly. Kompyuta ndogo ya mkononi ilikuwa mezani pamoja na modemu ya simu.

"Ya Jonah, wewe ni mtu wa hii kitu. Soma hapa."

Jonah aliinama akasoma. Alisoma sentensi ya kwanza, ya pili, akafika penye jina kamili la baba na babu, na kijiji, na mwaka, sehemu yote ambayo mtandao wa hoteli haukumfungulia.

"Hana umaarufu wa kutosha," Mzee alisema polepole, kana kwamba anajifunza kulitamka. "Nani hana? Mimi?"

"Mzee, hayo ni maneno ya kanuni tu. Huandikiwa watu wengi."

"Huyu Fagio ni nani? Ni mtu wa Khartoum?"

"Sidhani, Mzee."

"Ni wa yule mpinzani wangu. Amelipwa." Mzee alifunga kompyuta. "Kesho wazee wa kwetu wanakaa hapa, chini ya turubai, na mimi nitawafungulia. Hiki kitu chekundu nisikione. Unaweza kumtoa huyu mtu?"

Jonah alijua kwamba Anyieth anamtazama. Msichana alikuwa ameiona saini ya Fagio mara nyingi, kila Jumamosi, chini ya masahihisho ya kazi zake. Lakini hakumtaja. Milly alikuwa amesimama na birika, akimtazama mumewe kwa fahari, maana Mzee mzima alikuwa anamwomba msaada.

"Nitajaribu, Mzee," Jonah alisema.

Chumbani alimweleza mkewe yote. Milly aliketi kitandani taratibu, mkono kiunoni.

"Wewe umeandika baba ya nyumba hapana umaarufu?"

"Sikujua ni yeye."

"Hukujua. Si unasema kila siku, mtu asome kwanza ndiyo aandike? Wewe umesoma?"

Hilo ndilo lililomuuma Jonah, kwamba alimkosea Mzee kwa uvivu, na bado alichoandika kilikuwa kweli. Alijaribu kumweleza Milly kwamba hata angesoma ukurasa wote angeandika hivyo hivyo, kwa upole zaidi labda, kwa sababu hakuna gazeti wala kitabu kilichomtaja mtu huyu.

"Upole utapeleka wewe wapi? Ondoa. Wewe ndiye umeweka, wewe ondoa. Nani atajua?"

"Kila kitu kinabaki kwenye historia ya ukurasa. Nani ameweka, nani ametoa."

"Na hiyo historia inasomwa na nani? Mimi iko na mtoto hapa, na mwingine anakuja." Akajigusa tumbo. "Watu ya bodaboda wameanza kuzoea chakula yangu. Jonah, mimi nakuomba. Kwa leo tu usikuwe mwalimu."

Walizima taa. Jonah alifikiri juu ya vyumba vya Munuki, jinsi kodi zilivyopanda tangu mashirika ya misaada yaje, na jinsi wenye nyumba walivyokuwa wakitaka dola. Aliogopa hasa, hofu ya mtu mzima ambaye ana watu nyuma yake.

Asubuhi, Milly na Shallon walipokwenda kanisani, yeye alikwenda hotelini Amarat. Akaingia kama Fagio, akakiondoa kisanduku. Penye nafasi ya kueleza sababu hakuandika kitu. Miaka yote hiyo aliwagombeza wageni wa ensaiklopidia kwa kuacha nafasi ile wazi.

Wazee walifika watano, warefu, wenye fimbo na makoti. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na mti wa mwarobaini, mbuzi amechinjwa, na Milly amepika tangu alipotoka kanisani. Jonah alimnong'oneza alipopita na sinia kwamba ametoa. Milly alivuta pumzi, akambana mkono kwa kiwiko kwa siri, akaendelea kugawa.

Baada ya kula, Mzee Majok akaleta kompyuta. Alisema kwa Kidinka, kisha kwa Kiarabu cha Juba, kwamba siku hizi jina la mtu husomwa hata Ulaya. Wazee walisogeza viti. Modemu iliwaka, ikazima, ikawaka. Ukurasa ulianza kushuka kidogo kidogo kutoka juu, na kitu cha kwanza kutokea kilikuwa rangi nyekundu.

Jonah alifikiri ni ukurasa wa zamani uliobaki kwenye kompyuta. Halafu akaona maneno yaliyo ndani ni mapya, na chini yake saini ambayo haikuwa ya Fagio. Ilikuwa Anyieth Majok.

Mzee alisoma kwa kidole, kwa sauti, kwa sababu Kiswahili cha maandishi hakikumjia bila sauti. "Mimi... ndiye niliyeandika... makala hii. Mhusika ni baba yangu. Hakuna chanzo... isipokuwa yeye mwenyewe. Alama iliondolewa bila maelezo, nimeirudisha. Naomba wengine wajadili."

Akainua macho. Anyieth alikuwa amesimama kando ya nguzo ya turubai. Hakukimbia.

"Wewe?"

"Ndiyo, Baba. Jana nilikaa nikaona aibu. Si aibu ya wewe. Aibu ya vile niliandika nikajificha."

"Mbele ya wazee wangu."

"Nilidhani utaangalia mwenyewe kabla hujawafungulia. Kwa hilo nisamehe. Kwa lile lingine, siwezi kusema uongo, Baba."

Mzee aligeuza kiti chake chote, akamkabili Jonah.

"Wewe ndiye mwalimu. Mimi nimekupa nyumba, nimempa mke wako mahali pa biashara. Mwambie mtoto huyu, mbele ya watu, kwamba amekosea. Halafu ufute, na kalas, tuendelee."

Milly alikuwa penye jiko la makaa, amepiga goti kwa shida. Alimtazama mumewe, akatikisa kichwa kidogo sana, kumwambia: sema. Neno lenyewe ni moja tu, amekosea. Jonah alilitafuta mdomoni na lilikuwepo, tayari kabisa. Kama asingekuwa Anyieth anayesubiri kulisikia angelisema, na hatujui nani angemlaumu. Lakini msichana alikuwa anamtazama jinsi alivyomtazama siku ile ya kwanza, alipoambiwa kwamba hata mama mzazi si chanzo, na Jonah aliona kwamba akilisema sasa hatakuwa na kitu kingine cha kumfundisha mtu yeyote.

"Hajakosea, Mzee," alisema. "Na Fagio ni mimi. Mimi ndiye niliyeandika ya kwanza. Sikujua ni wewe. Niliandika bila kusoma mpaka mwisho, na hilo ni kosa langu, naomba radhi. Lakini maneno yenyewe nisingeyabadilisha."

Birika lilimponyoka Milly. Chai ikazima nusu ya makaa.

Mmoja wa wazee, mwenye sikio lililokatwa, aliuliza kwa Kidinka wanazungumza nini. Mzee Majok alitazama pembeni. Mzee yule akamgeukia msichana, naye Anyieth akamtafsiria yote, bila kuruka, hata kile alichoandika yeye. Wazee walisikiliza mpaka mwisho. Kisha mwenye sikio lililokatwa akasema jambo fupi.

"Anauliza," Anyieth akamwambia Jonah, "kama mnasema Baba hakupigana."

"Hapana. Mwambie hatusemi hivyo. Tunasema hakuna aliyeandika."

Alipotafsiriwa, mzee yule alitafakari, akajibu tena, na safari hii Anyieth alisita kabla ya kuligeuza. "Anasema yeye alikuwepo. Anasema wote waliokuwepo hawajui kuandika."

Jonah aliinamisha kichwa. Kwa hilo hakuwa na kanuni ya kumjibu. Mzee Majok naye alikuwa akiitazama kompyuta iliyozimika kwa kukosa chaji, na kwa mara ya kwanza tangu Jonah amjue alionekana mzee kweli. Pengine kama wangekuwa wawili tu mambo yangekwisha vingine. Lakini walikuwa mbele ya watu, na watu walikuwa wanasubiri kuona mkubwa atafanya nini.

"Maleesh, si kitu," Mzee alisema, kwa utulivu ule wa kuogopesha. "Mimi sina umaarufu. Lakini nina nyumba. Kesho asubuhi nataka chumba changu. Na kibanda kitoke getini."

"Baba, mke wake ni mjamzito!"

"Wewe nyamaza. Ukitaka kumsaidia, mbebee vitu."

Na ndivyo alivyofanya. Asubuhi Anyieth alitoka na kanga kiunoni kama mwanamke wa kufanya kazi, akabeba masufuria, akabeba godoro kichwani, akampakia Shallon kwenye pikapu aliyoikodi Jonah. Baba yake alikuwa ameondoka mapema ili asiwaone, au asionekane. Vijana wa bodaboda walisaidia kung'oa nguzo za kibanda, huku wakiulizana kwa sauti sasa watakula wapi. Mmoja, Kur, alimwomba Milly amwambie anakohamia.

"Hata mimi sijui," Milly alisema, na ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu jana. Kwa mumewe hakuwa na hata moja.

Waliposogea pembeni kufunga kamba, Anyieth alisema, "Mwalimu, niliona kwenye historia. Ulikuwa umetoa."

"Nilitoa. Niliogopa."

"Si ungeniambia tu. Mimi nilidhani ni mtu mwingine ameingia kwa jina lako. Nilirudisha nikijua nakusaidia." Macho yakamjaa. "Ningejua ni wewe mwenyewe, sijui kama ningerudisha."

Jonah alitaka kumwambia kwamba alifanya vizuri, kwamba yeye ndiye mhariri wa kweli kati yao wawili. Akaona Milly anamtazama kutoka kwenye pikapu, akamalizia kufunga kamba.

Dereva alipowasha gari, Jonah alipanda nyuma, akakaa juu ya gunia la unga karibu na mkewe. Anyieth alibaki getini kwenye mashimo ya nguzo, akipunga mkono. Walipita stendi, wakaingia barabara ya vumbi, na Shallon akasinzia. Milly alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili kwa sababu ya mashimo ya njia. Baadaye, bila kugeuza uso, akauliza.

"Sasa hiyo ukurasa. Wamefuta?"

"Bado," Jonah alisema. "Haufutwi hivi hivi. Ni lazima watu wajadili kwanza. Kanuni inampa wiki nzima, na mwenyewe ana haki ya kujitetea."

Milly akafikiri.

"Wiki nzima," akasema. "Yeye wamempa wiki nzima, na wanamuuliza. Sisi wametupa usiku moja."